Tachi ya simu imekufa chini: nataka programu zangu kwenye laptopu, na WhatsApp kwenye TV ya baba

MamaKopi (Ngamiani, Tanga) – Jumatatu, saa 2:40 usiku

Assalaam alaykum ndugu zangu, na kwa wengine habari za jioni. Nina shida mbili, moja ya dukani na moja ya nyumbani. Naziweka pamoja kwa sababu naona mzizi wake ni mmoja.

Nina kibanda cha steshenari hapa Ngamiani. Kopi, kuprinti, kulaminishi, barua za kuomba kazi, picha za pasipoti. Wateja wangu wengi ni walimu, na mwalimu ni mtu wa mwisho wa mwezi, kwa hiyo naandika madeni. Zamani nilikuwa na daftari la kaunta. Masika moja bati likavuja juu yake, wino ukakimbia, nikapoteza kama elfu themanini zilizokuwa zimeandikwa vizuri kabisa. Ndipo mdogo wangu akanipakulia programu ya daftari la madeni kwenye simu. Naipenda. Inajumlisha yenyewe, na inanionyesha nani amepitiliza siku.

Wiki tatu zilizopita simu ikaruka kutoka kwenye kikapu cha baiskeli, nilikuwa napita matuta, ikaangukia kona. Kioo hakijapasuka sana ila tachi ya chini imekufa. Toka ukingo wa chini kwenda juu upana wa vidole viwili, pale hapasikii kitu. Sasa fikirieni nini kinakaa pale chini. Kitufe cha kurudi nyuma, cha nyumbani, na kwenye kibodi kile kirefu cha kuacha nafasi na mstari wa z mpaka m. Nikitaka kutoka ndani ya programu nazima simu nzima na kuiwasha upya. Namba yangu ya siri haina 0, alhamdulillahi, la sivyo ningekuwa nimefungiwa nje.

Nikiilaza simu naweza kuandika, lakini nako kuna mtihani wake. Nikiilaza upande mmoja, sehemu iliyokufa inakuja kulia, nakosa p na kitufe cha kufuta. Nikiigeuza upande wa pili inakuja kushoto, nakosa q, ambayo sina kazi nayo, ila chini ya q ndipo amekaa a. Na Kiswahili ukikitoa a kinabaki nini? Basi nimechagua kukosa p. Mwalimu Peter hivi sasa anadaiwa kwa jina la Mwalimu Eter.

Kubadilisha kioo nimeambiwa elfu tisini na mpaka kiagizwe Dar. Nikawaza: laptopu ninayo, ina kibodi na mausi, kwa nini hii programu isikae kwenye laptopu? Ni HP ya mtumba, Core i3, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, Windows 10, diski ile ya kuzunguka. Nikapakua BlueStacks, ile ya kufungulia programu za simu kwenye kompyuta, ikanilia bando. Nikaiwasha, feni ikalia kama mashine ya kusaga mahindi, ikaenda ikaenda, karibu na mwisho ikaganda. Ikaiburuta na Word, na mteja kasimama mbele yangu ana flashi mkononi.

Shida ya pili ni ya baba. Dada yangu kaolewa Wete, Pemba, amejifungua mwezi jana. Baba ni mstaafu wa bandari, macho yake yana mtoto wa jicho, anasubiri upasuaji, na boti ameapa hapandi tena. Tukipigiwa video anaishika simu mbele ya pua, anasema, "Naona kitu cheupe." Hicho kitu cheupe ndiye mjukuu wake. Nyumbani tuna TV inchi 32, boksi lake limeandikwa Smart Android. Mdogo wangu kaitia WhatsApp kwa flashi, ikajibu kwamba haikusakinishwa, basi.

Nifanyeje? Tafadhali kwa lugha nyepesi, mie ni mtu wa karatasi.

---

KijanaWaKange – saa 2:58 usiku

Dada nunua simu nyingine yaishe. Siku hizi za laki na nusu zimejaa.

---

MamaKopi – saa 3:05 usiku

Ahsante mdogo wangu. Ungemalizia kwa kusema unanichangia ngapi.

---

FundiChumbageni – saa 3:50 usiku

Dada MamaKopi, salaam. Nitaandika kirefu kidogo maana hili swali naletewa sana, na wengi wanapoteza bando kama wewe kwa kuanzia mahali pasipo.

Kuna mambo mawili tofauti ambayo watu wanayaita jina moja. La kwanza ni kuiendesha programu ya simu ndani ya kompyuta. La pili ni kuionyesha simu kwenye kompyuta. Wewe umekimbilia la kwanza wakati shida yako ni ya pili.

BlueStacks na wenzake ni emuleta. Wanajenga simu nzima ya Android ndani ya kompyuta yako, na Android yake, na kumbukumbu yake, na diski yake. Kompyuta tayari imebeba Windows, sasa unaipakiza na simu. Ni kama umpakie nyuma mtu ambaye naye kashika baiskeli yake begani. Wenyewe wanasema kima cha chini ni RAM 4, na hiyo 4 yako Windows 10 na Word vishaigawana. Halafu kuna neno la prosesa. Simu nyingi zina prosesa za aina ya ARM, laptopu yako ni Intel. Programu iliyopikwa kwa ARM peke yake lazima itafsiriwe papo hapo, amri kwa amri. Hapo ndipo feni inapolia.

Kuna pia suala la virtualization, uwezo wa kompyuta kubeba mashine nyingine ndani yake. Ni swichi ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka, na kwenye laptopu nyingi za mtumba imezimwa. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, kisha CPU, utaona imeandikwa Enabled au Disabled. Ikiwa Disabled emuleta hutambaa au hugoma kabisa. Kwenye HP unaingia BIOS kwa F10 wakati inawaka. Lakini usihangaike nayo, nakwambia kwa nini.

Hata kama BlueStacks ingefunguka vizuri, ukaiweka ile programu yako, ungekuta daftari tupu. Ile simu ya ndani ya kompyuta ni simu mpya, haimjui Mwalimu Eter. Madeni yako yamo kwenye simu yako iliyoanguka. Kwa hiyo swali la kwanza lingekuwa unayatoaje mle, na jibu ni kuifikia simu yenyewe.

Tumia kitu kinaitwa scrcpy, ndivyo kinavyoandikwa, bila irabu, usidhani nimekosea. Ni ya bure, imetengenezwa na kampuni ya Genymobile, ipo tangu 2018. Inapatikana kwenye tovuti ya GitHub, ukurasa wao. Kwingine usipakue, maana kuna tovuti zimejipa jina hilo. Unachomeka simu kwa waya wa USB, kioo cha simu kinatokea kwenye laptopu kama dirisha, unakigonga kwa mausi na kuandika kwa kibodi. Programu inaendelea kufanya kazi kwenye simu, laptopu inapokea picha tu, kwa hiyo RAM 4 inatosha. Haihitaji intaneti, kwenye simu huweki kitu, na Android 5 kwenda juu yote inakubali. Sauti kuja kwenye kompyuta ndiyo inataka Android 11.

Kizuri kwako zaidi: ukibonyeza mausi kulia, hiyo ni kurudi nyuma. Ukibonyeza lile gurudumu la kati ni nyumbani. Hivyo vitufe vyako vya chini vilivyokufa huvihitaji tena. Na Kiswahili chetu hakina vialama juu ya herufi, kila unachoandika kitapita.

Kuna kazi moja kabla ya hapo. Lazima uwashe USB debugging kwenye simu. Nenda About phone, gonga Build number mara 7 mpaka ikwambie umekuwa developer, kisha utaikuta kwenye Developer options. Kama simu ni Redmi unagonga MIUI version (kwenye zilizo mpya, OS version), si Build number, na kuna swichi ya pili chini yake imeandikwa USB debugging (Security settings). Usipoiwasha hiyo utaiona picha lakini mausi haitagonga kitu, utadhani nimekudanganya.

Na kwa vile tachi ya chini haipo, tafuta kile kidude cha OTG, cha kuchomekea vitu vya USB kwenye simu, chomeka mausi ya kawaida. Kishale kitatokea kwenye kioo cha simu kama kompyuta. Ndiyo, simu inakubali mausi. Wengi hawajui.

Ukishaingia, kazi ya kwanza siku hiyo hiyo: ndani ya programu yako tafuta palipoandikwa Export au Backup, toa madeni yote. Tachi iliyoanza kufa chini haina adabu, inaweza kupanda juu.

TV nitakujibu kesho, nina sabufa ya mtu hapa mezani.

---

MwanaLinux_Muheza – saa 4:20 usiku

Mimi ningesema futa hiyo Windows kabisa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, unakaa kwenye nyumba isiyo na mlinzi. Weka Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, juu yake weka Waydroid, ya kufungulia programu za Android. Ile haijengi simu nzima kama emuleta, inatumia kiini kile kile cha Linux, kwa hiyo ni nyepesi zaidi. Programu ya simu inafunguka kama dirisha la kawaida.

---

FundiChumbageni – saa 4:31 usiku

Mkuu, Waydroid naikubali, na kwa mtu wa kujifunza ningemwambia hivyo hivyo. Lakini huyu ana steshenari. Kesho saa moja asubuhi mwalimu analeta mtihani wa muhula umepangwa kwenye Publisher, na printa ni ile ya mtumba ambayo hata Windows iliikubali kwa kubembelezwa. Halafu na Waydroid nako daftari ni tupu vile vile.

Na kabla hajaja wa tatu: ile njia ya Microsoft ya kuweka Android ndani ya Windows 11, imefungwa tangu tarehe 5 Machi 2025. Video zake bado zimejaa YouTube, watu wanahangaika bure. Ile ya Google ya kompyuta, Google Play Games, nayo ni ya michezo, haina daftari la madeni.

---

MchezaNgoma (Bagamoyo) – Jumanne, saa 12:50 asubuhi

Naunga mkono scrcpy. Nasoma hapa Bagamoyo, kazi zetu za ngoma tunazirekodi kwa simu, na wakati wa kuzipitia darasani naitoa simu kwenye laptopu, laptopu kwenye projekta. Hata kompyuta dhaifu inabeba, punguza tu ukubwa wa picha, unapoiwasha kwa amri andika scrcpy -m 1024.

Tahadhari ni waya. Nyaya nyingi za barabarani ni za chaji tu, ndani hazina zile nyuzi za data. Simu itachaji vizuri kabisa na kompyuta haitaiona. Mimi nilikesha usiku mmoja nikiilaumu Windows.

---

Wakala_Makorora – saa 1:30 asubuhi

Nidandie hapo hapo. Mimi nataka programu ya benki na ya pesa za simu niziweke kwenye BlueStacks ofisini, kompyuta yangu ina RAM 16. Inawezekana?

---

FundiChumbageni – saa 1:44 asubuhi

RAM hata iwe 64. Programu za pesa nyingi zinachungulia ziko wapi, zikiona si simu halisi zinagoma, na nyingine zinataka laini iwe ndani ya kifaa hicho hicho. Kwenye scrcpy nako kurasa zake nyingi hutokea nyeusi tii, zimezuiwa kwa makusudi mtu asinase picha ya namba yako ya siri. Kwa kazi ya uwakala baki na kitochi na *150*00#. Kitochi hakigandi.

Na kwa WhatsApp vile vile, usiiandikishe namba yako ndani ya emuleta. Namba inakaa kwenye simu kuu moja, ukiiandikisha huko, ya mfukoni inatoka. Kwa kompyuta kuna WhatsApp yake ya Windows, unaiunganisha kwa kuskani ile picha ya vidoti (QR), simu inabaki kuwa kuu, na vifaa vya kuunganisha vinaruhusiwa hadi 4.

---

MamaKopi – Jumatano, saa 3:15 usiku

Nimerudi na habari. Kaka Fundi, Mungu akuzidishie, ila ulinificha jambo moja, nadhani hata wewe hukuliwaza.

Jana jioni nikaenda kutafuta OTG, elfu tatu. Nikachomeka mausi ya dukani kwenye simu, kishale kikatokea! Nikawaita majirani. Mama muuza maandazi akaniuliza sasa hiyo simu imekuwa kompyuta. Nikamwambia bado, imeazima mausi tu.

Simu yangu kweli ni Redmi. Nikagonga mara 7, nikawasha ya kwanza, nikawasha na ile swichi ya pili. Ile ya pili ina maonyo, unasoma, inakuhesabia sekunde ndipo ikuruhusu kuendelea, halafu onyo jingine, kama unaomba talaka. Sawa. Nikachomoa mausi, nikachomeka waya wa laptopu.

Simu ikatoa kisanduku kinauliza kama naiamini hii kompyuta. Na kitufe cha kukubali kipo wapi? Chini kabisa. Kwenye ile sehemu iliyokufa! Na mausi siwezi kuichomeka maana tundu la simu ni moja, na ndilo lenye waya. Nikichomoa waya nichomeke mausi, swali linaondoka. Nikirudisha waya, swali linarudi, mausi haipo. Nimechomoa na kuchomeka mpaka mteja akaniuliza kama natwanga.

Nimelala nayo. Alfajiri, nimemaliza kuswali tu, nikakumbuka nilivyokuwa naandika madeni. Nikaamka nikailaza simu. Kile kisanduku kikalala pamoja nayo, kikaja katikati, kitufe kikatoka kwenye sehemu iliyokufa. Nikaweka alama ya kuikumbuka hii kompyuta daima, nikakubali.

Sasa simu ipo kwenye laptopu. Naandika kwa vidole kumi. Word iko wazi pembeni na wala haikwami. Kitu cha kwanza nimetoa madeni yote, yametoka kama faili la Excel, nimelituma kwenye barua pepe yangu na nimeliprinti pia, kurasa 3, nimezilaminishi. Msinicheke, nilishaonja maji ya bati.

Halafu nimempa Mwalimu Peter p yake.

Waya wa kwanza ulikuwa wa chaji tu, kama alivyosema ndugu wa Bagamoyo, lakini kwa vile nilishaonywa sikukesha.

---

FundiChumbageni – saa 3:40 usiku

Kweli dada, la kitufe cha chini sikuliwaza. Nimeshawafanyia watu wengi lakini wote tachi zao zilikuwa zimekufa juu au zimekufa zote. Nimelihifadhi, nitalitumia.

Kidokezo: dirisha likiwa wazi bonyeza Alt na o, kioo cha simu kitazima lakini picha itabaki kwenye laptopu. Simu haitachemka.

Sasa TV. Naomba uingie Settings, About, uniambie imeandikwa nini: toleo la Android, RAM na nafasi.

---

MamaKopi – saa 4:02 usiku

Android 9, RAM 1GB, nafasi 8GB. Na duka la programu lililomo silo lile la kwenye simu yangu, lina picha ya kikapu tu.

---

FundiChumbageni – saa 4:30 usiku

Nilivyodhani. Nikueleze, na wengine wasome kabla ya kununua.

TV zinazoitwa smart si jamii moja. Samsung wana mfumo wao, Tizen, na LG wana webOS. Hizo faili la Android halifungui kabisa, hata ulibembeleze. Kuna Android TV yenyewe ya Google, tangu 2014, na Google TV iliyokuja 2020 juu yake. Hizo zina duka la Google, lakini duka linaonyesha zile programu zilizotengenezewa rimoti tu, ndiyo maana mtu anatafuta kitu anachokijua kwenye simu na hakioni. Halafu kuna za aina yako: Android ya kawaida imemwagwa ndani ya TV bila ruhusa wala duka la Google, boksi likapigwa chapa Smart Android. Si mbaya kwa kuangalia mpira, ila usitegemee mengi.

WhatsApp ya mdogo wako kukataa, nadhani ni hili: TV nyingi hizi zinaendeshwa kwa mfumo wa biti 32, hata kama prosesa yake inaweza 64. Ukiiletea faili la biti 64 lililotoka kwenye simu mpya, inakataa na haisemi sababu. Ungeweza kutafuta faili la 32. Lakini tufike mwisho wa safari kwanza: umeiweka, imefunguka. Imesimama wima katikati ya TV kama mlango, kushoto na kulia weusi. Rimoti haifiki kwenye vitufe kwa sababu vilitengenezewa kidole. Utachomeka mausi, sawa. Simu ya video ikiingia, kamera iko wapi? TV haina. Mzee atamwona mjukuu, mjukuu hatamwona babu.

Kwa hiyo hapa pia usiiendeshe, ionyeshe. Laptopu yako ina kamera juu ya kioo, na HP za rika hilo zina tundu la HDMI, la kupeleka picha na sauti kwenye TV. Weka WhatsApp ya Windows, ile ya kuweka, usitumie ya kwenye kivinjari. Waya wa HDMI kutoka laptopu kwenda TV, bonyeza Windows na P, chagua Duplicate. Umemaliza.

Njia ya kurusha kioo cha simu kwenda TV bila waya nayo ipo, lakini kwa simu za video nimeiona mara nyingi picha inakwenda kwenye TV na sauti inabaki kwenye simu.

---

KijanaWaKange – saa 4:41 usiku

Au anunue kile kiboksi cha Android cha kuchomeka nyuma ya TV. Mitaani elfu sitini, ndani yake kina filamu zote bure.

---

FundiChumbageni – saa 4:55 usiku

Hizo "filamu zote bure" ndizo za kuogopa. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo juu ya kitu kinaitwa BADBOX 2.0: viboksi vya Android visivyo na chapa inayoeleweka, vingi vimetengenezwa China, vinauzwa vikiwa na virusi ndani au vinaambukizwa pale unapoweka programu zake za kwanza. Intaneti ya nyumbani kwako inageuzwa njia ya wezi kupitisha mambo yao. Na bando ni lako. Mtu akitaka kiboksi, achukue chenye ruhusa ya Google, hata kama ni ghali, la sivyo abaki na waya.

---

MamaKopi – Ijumaa, saa 5:10 usiku

Leo nimefunga duka mapema. Laptopu nimeiweka kwenye kikapu cha baiskeli, safari hii nimeifunga kwa kanga mafundo mawili.

Waya wa HDMI nilionunua ni mita moja na nusu. Mfupi. Kwa hiyo laptopu haiwezi kwenda mbali na TV, na TV iko juu ya kabati. Tukaweka kigoda juu ya meza, laptopu juu ya kigoda, chini ya TV kabisa. Kumbe ndiyo ilivyotakiwa, kwa sababu baba anaangalia TV, na kamera ikiwa pale chini yake anaonekana kama anamwangalia dada usoni. Mwanzo tuliiweka pembeni, dada akasema mbona baba ananipa sikio.

Sauti ilisumbua. Ilitokea kwenye laptopu na si kwenye TV, mdogo wangu akabonyeza ile alama ya spika akachagua TV. Ikatoka sasa, kubwa, lakini ikawa inajirudia, dada akisema "baba" inakuja baba-baba-baba kama wako pangoni Amboni. Sauti ya TV inaingia tena kwenye maiki ya laptopu. Tukaipunguza mpaka karibu nusu ikatulia. Intaneti ilikuwa hotspoti ya simu ya mdogo wangu. Na Word niliifunga, Kaka Fundi, kabla hujauliza.

Baba alikaa hatua mbili kutoka kwenye TV. Dada akamsogeza mtoto. Baba hakusema kitu muda kidogo, halafu akainuka akasogea, akaweka kidole kwenye TV, akasema, "Hili sikio la mama yangu." Dada akamwambia hamna anayelijua hilo sikio, bibi kafa hatujazaliwa. Akasema, "Mie nalijua."

Wamezungumza saa nzima kasoro. Bando la mdogo wangu limekwisha, ananidai, nimemwandika kwenye programu.

Baba anauliza Coastal Union wakicheza ugenini inawezekana kwa waya huo huo.

---

FundiChumbageni – saa 5:25 usiku

Mpe mzee shikamoo yangu.

Inawezekana, ila usipitie scrcpy, video za kulipia huwa nyeusi kama kurasa za benki. Kama huduma unayolipia ina tovuti, ifungue kwenye kivinjari cha laptopu, waya wa HDMI utaifikisha kwenye TV. Tumia waya wenyewe usio na viunganishi katikati, kile cha kugeuza VGA (tundu la picha la zamani) kuwa HDMI mara nyingi video za kulipia hukikataa.

---

Wakala_Makorora – Jumamosi, saa 2:05 asubuhi

MamaKopi, huo waya wa data wa simu ulinunua wapi? Mimi nimeshanunua miwili yote ya chaji.

---

MamaKopi – saa 2:20 asubuhi

Hapa hapa Ngamiani, kwa kijana anayeuza vifaa vya simu mbele ya duka la vitenge, mwenye mwavuli wa kijani. Nenda na simu na laptopu. Mwambie achomeke kabla hujalipa, uone kama laptopu inaitambua. Mie alinitolea mitatu, wa tatu ndio uliokubali, nao ulikuwa mbaya kuliko yote kwa sura. Elfu nne, akianza na sita.